Kabati la mbao halioshwi, linafutwa: mwongozo kamili wa kutunza makabati ya kuchongesha

Jikoni kwangu, Dar es Salaam, kuna mlango mmoja wa kabati, ule wa chini ya sinki, ambao rangi yake haifanani na ya wenzake. Milango yote ni ya mninga na ilichongwa na fundi mmoja. Huo mmoja niliuua mwenyewe. Kwa karibu mwaka mzima, kila Jumamosi, niliusugua kwa sabuni ya unga na waya wa kusugulia masufuria, nikaumwagia maji, nikauacha ukauke wenyewe. Jumamosi jioni ulikuwa unang'aa kweli. Halafu mabaka meusi yakaanza kuota kwenye kona ya chini, vanishi ikawa inabanduka kama gamba la nyoka. Fundi alipokuja alipitisha ukucha mara moja tu, akaniambia, "Dada, hii hukuisafisha. Umeichuna."

Siku hiyo ndipo nilipoelewa kwamba anayefuta kabati la mbao hagusi mbao. Anagusa koti jembamba la vanishi au polishi lililo juu yake. Koti likiwa zima, uchafu wote uko juujuu na unatoka kwa kitambaa. Likishachakaa, maji yanaingia ndani na hapo hakuna sabuni ya kusaidia. Kwa hiyo kazi yote inayofuata ni ya kulinda koti hilo, na adui wake mkubwa ni sisi wenyewe na ndoo zetu.

Jua kabati lako limetengenezwa na nini

Kabati la kuchongesha mara nyingi ni mchanganyiko. Milango na fremu zinaweza kuwa mninga, mkongo, mtiki au mkangazi, lakini ukifungua ndani unakuta mbavu za plaiwudi, na mgongo wa ubao mwembamba wa MDF, yaani nyuzi laini za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi. Kila kimoja kina tabia yake. Mninga ni mpole, hautanuki wala kusinyaa sana hali ya hewa ikibadilika, ndiyo maana mafundi wanaupenda kwa milango. Mtiki, huu unaopandwa Longuza kule Muheza na Mtibwa mkoani Morogoro, una mafuta yake ya asili: unavumilia unyevu vizuri, ila vanishi hushika kwa shida. Mpaini ni laini, hata kijiko kikianguka kinaacha alama. MDF ndiyo ya kuogopa zaidi. Maji yakipenya kwenye ukingo wake inavimba kama andazi, na ikishavimba hairudi.

Kisha jua koti. Kama namba ya fundi unayo, mpigie umuulize alipiga nini. Kama hapatikani, fanya jaribio hili upande wa ndani wa mlango, mahali pasipoonekana.

Dondosha tone moja la maji, subiri dakika 10. Likibaki limesimama kama umande, koti ni zima. Mbao ikigeuka rangi ya giza pale palipolowa, koti limechakaa, au fundi alipaka mafuta tu bila vanishi.

Ukitaka kwenda mbele zaidi, chovya pamba kidogo kwenye spiriti uguse sehemu ileile ya kificho. Ikianza kunata haraka, hiyo ni polishi ya zamani ya kupakwa kwa kitambaa, ile ya spiriti. Spiriti isipofanya kitu, jaribu thina kwa pamba nyingine. Ikilainika, ni lakwa ya kupuliziwa. Ikikaa kimya, una vanishi ngumu ya poliyurethini, na hiyo ndiyo inayovumilia jikoni kuliko zote. Fanya hivyo dirisha likiwa wazi na jiko limezimwa, maana spiriti na thina zote zinashika moto upesi.

Ufutaji wa kila wiki

Hapa hakuna ufundi mkubwa, ila kuna mpangilio. Unahitaji vitambaa vitatu laini vya pamba. Fulana iliyochakaa inafaa kuliko vitambaa vingi vya dukani. Khanga iliyopauka inafaa pia, maana mpya inachuja rangi.

Anza na kitambaa kikavu. Futa vumbi kwanza, kuanzia juu kushuka chini, ukifuata nyuzi za mbao. Hatua hii wengi tunairuka. Vumbi letu la kiangazi lina mchanga ndani yake, na ukilipaka maji kabla ya kulitoa unakuwa umejitengenezea msasa.

Cha pili ni kitambaa cha unyevu. Weka maji ya vuguvugu nusu lita kwenye bakuli, dondoshea sabuni ya maji ya vyombo matone 4, basi. Povu likijaa bakuli umezidisha. Chovya, kamua, kisha kamua tena. Kipimo changu ni hiki: bonyeza kitambaa kwenye kiganja, kiganja kikibaki na maji, bado. Mlango ukiufuta, alama ya unyevu itoweke yenyewe kabla hujahesabu 20.

Cha tatu ni kikavu tena, kinapita nyuma ya kile cha unyevu papo hapo, mlango mmoja baada ya mwingine. Usiseme utarudi kukausha baadaye, hutarudi.

Milango yenye nakshi au fremu ya kupandisha ina vijifereji vinavyokusanya uchafu. Mswaki wa zamani uliolowa kidogo unatosha, ukifuatiwa na kijiti kilichoviringishwa kitambaa kikavu.

Jikoni: mafuta, mvuke na masizi

Makabati ya chumbani yanaweza kukaa miezi bila kulalamika. Ya jikoni yana maisha magumu. Ukikaanga samaki au maandazi, mafuta yanapaa kama ukungu usioonekana na kutua juu ya milango ya karibu. Vumbi linakuja kukaa juu yake. Baada ya miezi michache unapata utando wa njano unaonata, hasa kuzunguka vishikio na juu ya kabati ambako jicho halifiki.

Kwa juu ya kabati nina dawa ya bei rahisi: tandika magazeti ya zamani. Kila miezi 3 yakunje na uchafu wake, tupa, tandika mengine. Tangu nianze sijawahi kupanda kwenye kiti na dodoki.

Kwa utando ulioshika kwenye milango, fanya hivi. Lowesha kitambaa kwa maji ya moto kiasi mkono unachoweza kuvumilia, weka tone moja la sabuni ya vyombo juu ya kitambaa chenyewe, kikamue vizuri, kisha kibandike juu ya doa kwa sekunde 30 bila kusugua. Joto ndilo linalolegeza mafuta. Futa kufuata nyuzi, geuza upande safi, rudia. Maliza kwa kitambaa cha maji matupu, halafu kikavu. Utando wa miaka unaweza kutaka mizunguko 4 au 5, na ni afadhali mizunguko 5 ya upole kuliko mmoja wa nguvu. Ukishindwa kabisa, tapentaini kidogo kwenye kitambaa huyeyusha mafuta yaliyoganda bila kuumiza vanishi nyingi, lakini jaribu kwanza kwenye ile sehemu ya kificho, zima jiko, na fungua madirisha.

Masizi ni habari nyingine. Kama unapikia mkaa au mafuta ya taa karibu na makabati, usianze na maji. Masizi yakikutana na maji yanakuwa wino, na wino huo unaingia kwenye kila ufa wa vanishi. Yatoe kwanza kwa brashi laini, uelekeo mmoja, kisha kitambaa kikavu, na mwisho kabisa ndipo kitambaa cha sabuni.

Mvuke unaumiza kimyakimya. Angalia birika lako la umeme linakaa wapi. Kama liko chini ya kabati la juu, kila chai ya asubuhi inapuliza mvuke kwenye ukingo wa chini wa milango. Livute mbele hadi ukingo wa meza kila unapolichemsha. Vivyo hivyo kwa sufuria ya wali na jiko la kupikia maharage kwa presha.

Na chini ya sinki? Weka beseni pana chini ya maungio ya bomba, hata kama hayavuji leo. Likikutwa na maji utajua siku hiyohiyo, badala ya kujua miezi 6 baadaye mbavu za kabati zikiwa zimeoza. Taulo la mikono lisining'inizwe kwenye mlango. Mabaka yangu meusi yalianzia hasa pale taulo lilipokuwa likigusa.

Vitu vya kuweka mbali

Waya wa kusugulia, sabuni ya unga, na ule upande mgumu wa kijani wa sponji: vyote vinakwaruza. Waya una dhambi ya ziada, maana vipande vyake vidogo hubaki, vikashika kutu, na chuma chenye unyevu kwenye mbao nyingi huacha doa jeusi lisilotoka kwa kufuta.

Jiki inapausha mbao na kula vanishi. Na kamwe usiichanganye na siki au dawa nyingine ya kusafishia, kwa sababu inatoa gesi ya sumu.

Mafuta ya nazi nayaweka peke yake kwa sababu yana mashabiki. Najua, bibi zetu waliyapaka kila kitu. Ukiyapaka mlango unang'aa saa hiyohiyo na unajisikia fundi. Shida ni kwamba mafuta ya nazi hayakauki. Yanabaki juu, yanashika vumbi, yanaanza kunuka, na sisimizi wanafika na familia nzima. Ya alizeti nayo, yakikaa, yanageuka gundi. Kama unataka mng'ao, soma sehemu ya nta hapo chini.

Kabati la nguo na msimu wa mvua

Kuanzia Machi hadi Mei, pwani yetu hewa inakuwa nzito, na kabati la nguo lililojengewa ukutani linaanza kutoa harufu ya uvundo. Ukuta wa nje ukiwa na unyevu, mgongo wa kabati unaunyonya. Kama bado hujachongesha, mwambie fundi aache nafasi ya vidole 3 kati ya mgongo na ukuta na atoboe matundu ya hewa juu na chini. Kama limeshajengwa, matundu bado yanawezekana, milango ya vibao mshazari pia.

Usiingize nguo ambayo ukosi wake bado una ubaridi wa unyevu. Siku jua likitoka, fungua milango yote kwa muda wa saa 2 au 3, elekeza feni ndani. Mfuko wa kitambaa wenye mkaa mkavu kwenye kona unasaidia kupunguza harufu, ilimradi uutoe juani mara kwa mara. Karafuu zinanukia vizuri, lakini unyevu haziondoi. Na wenzangu wa udi: fukizeni nguo kwenye tenga nje ya kabati. Chetezo ndani ya kabati ni hatari ya moto, na moshi wake unaacha utando wa kahawia kwenye vanishi.

Koga likishaota, toa nguo zote, funika pua na mdomo, futa kwa kitambaa chenye unyevu wa sabuni ukikikunja kwa ndani kila mara ili usisambaze. Kausha kwa feni siku nzima kabla ya kurudisha kitu. Plaiwudi ya ndani isiyopakwa kitu unaweza kuifuta kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Milango yenye vanishi isiguswe na siki, inafifisha mng'ao.

Msimu huohuo droo na milango huanza kukwama. Hapa watu wengi huita fundi aje na randa. Subiri kwanza! Mbao imetanuka kwa unyevu, na ikirandwa Aprili, Agosti utakuwa na mwanya wa kupitisha kidole. Sugua mshumaa mkavu au kipande cha sabuni ya mche kwenye njia ya droo, ivumilie hadi kiangazi. Ikiwa bado inakwama hewa ikiwa kavu, hapo randa ina haki yake.

Bawaba, mikwaruzo na alama za vikombe

Mlango ulioinama mara nyingi hauna kosa, bawaba ndiyo imelegea. Bawaba za kujificha zina skrubu za kurekebisha: moja inasogeza mlango kushoto na kulia, nyingine ndani na nje. Zungusha robo mzunguko, funga uangalie, zungusha tena. Skrubu ikizunguka bure kwenye tundu lake, itoe, jaza tundu kwa vijiti vya meno vilivyopakwa gundi ya mbao, kata vilingane na ubao, acha hadi kesho, kisha kaza upya. Wanaoishi karibu na bahari waongeze tone la mafuta ya cherehani kila miezi michache, kwa sababu hewa ya chumvi hula chuma, na kutu ya bawaba hutiririka ikachafua mbao.

Duara jeupe la kikombe cha moto ni unyevu ulionaswa ndani ya vanishi. Mara nyingine linatoweka lenyewe baada ya siku kadhaa. Lisipotoweka, weka kitambaa kikavu cha pamba juu yake, pitisha pasi ya moto mdogo kabisa, isiyo na mvuke, kwa sekunde 5, inua, angalia, rudia. Doa jeusi maana yake maji yamefika kwenye mbao yenyewe, na hilo mwachie fundi.

Mikwaruzo ya juujuu hufichwa na nta yenye rangi. Kiwi ya viatu ya kahawia hufanya kazi pia, kidogo tu, kwenye kabati la jikoni. Usiipake kwenye kabati la nguo kama unavaa mashati meupe.

Nta ya nyuki, mara 2 kwa mwaka

Tabora inajulikana kwa asali na nta ya nyuki, na misitu hiyohiyo ya miombo ndiyo inayotoa mninga. Kwa hiyo nikipaka nta kwenye mlango wangu najiambia nawakutanisha majirani.

Chukua nta gramu 100, ikwangue vipande vidogo. Iweke kwenye kopo, kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto, iyeyuke polepole. Usiiweke moja kwa moja juu ya moto. Ikishayeyuka, zima jiko, toka nje na kopo lako, na huko nje ndiko umimine tapentaini mililita 300 huku ukikoroga. Narudia: nje, moto umezimwa. Ikipoa inaganda kama samli.

Chota kiasi cha punje ya maharage kwa kitambaa, paka tabaka jembamba sana, fuata nyuzi, acha dakika 20, kisha sugua kwa kitambaa safi hadi mkono uteleze. Mlango ukinata, umepaka nyingi. Usipake milango iliyo karibu na jiko, joto huilainisha nta ikashika mafuta na vumbi. Na ukija kupiga vanishi upya, mwambie fundi kuna nta, aiondoe kwanza kwa tapentaini, la sivyo vanishi haitashika. Hiyo ndiyo sababu nyingine ninayokwepa dawa za kupulizia zenye silikoni: zinang'arisha leo, lakini vanishi ya kesho inafanya vijishimo kama ngozi ya ndui.

Bungua na mchwa

Ukikuta vitundu vidogo kama vya sindano na unga laini chini yake, ni bungua. Wanapenda ile mbao nyeupe ya pembeni, si kiini chekundu. Vuta droo, tazama chini yake, maana huko ndiko mafundi hufichia mbao nyeupe. Fagia unga wote, weka karatasi nyeusi chini, rudi baada ya wiki. Unga mpya ukiwepo, wadudu wako hai, tafuta dawa ya mbao mapema. Karatasi ikiwa safi, huenda ni matundu ya zamani tu, ila irudie wiki nyingine kujiridhisha.

Mchwa wanakuja kwa njia za udongo kutoka ukutani au sakafuni. Gonga mbao kwa mpini wa bisibisi: ikilia tupu kama debe, ndani hamna kitu. Mchwa usiwapulizie dawa ya mbu ukadhani umemaliza. Kiota kiko ardhini, na hiyo ni kazi ya mtu wa dawa.

Kupiga vanishi upya

Tone la maji likianza kuzama, wakati umefika. Chagua kiangazi, Juni hadi Septemba kwa sisi wa pwani, kwa sababu vanishi ikipigwa siku ya mvua inaweza kunasa unyevu ikapauka. Fungua milango, toa vishikio, osha mafuta yote. Piga msasa namba 240 kufuata nyuzi, kiasi cha kuondoa mng'ao tu, na vaa barakoa, vumbi la mninga linakera pua na kifua. Futa vumbi. Mtiki upanguse kwanza kwa thina, kisha vanishi. Piga koti la kwanza jembamba, acha likauke kama kopo linavyoelekeza, pitisha msasa namba 320 kwa mkono mwepesi, futa, piga la pili. Ukitumia mafuta ya kitani badala ya vanishi, matambara yake uyatandaze nje yakauke. Yakirundikwa yanaweza kujiwasha yenyewe.

Mlango wangu wa chini ya sinki ulipofunguliwa kwa kazi hiyo, fundi aliulaza kifudifudi, na kwa mara ya kwanza nikauona ukingo wake wa chini. Ulikuwa mkavu, mweupe, haujawahi kuonja vanishi tangu uchongwe.

"Fundi, mbona huku hakuna kitu?"

Akacheka. "Dada, huku nani anaangalia?"

Huko ndiko maji yangu yote ya Jumamosi yalikuwa yakitiririkia. Kwa hiyo sitetei ndoo yangu, lakini siku fundi atakapokuletea kabati jipya, kabla hujammalizia hela yake, piga goti na upitishe kidole chini ya kila mlango.